Tuzibe Mfereji Kwanza, Mashine Baadaye



Kila mwaka, tangu Januari hadi mvua ya njahi ianze, mabwawa mengi ya upande wa Ruiru, Juja na Thika hugeuka rangi. Maji yaliyokuwa ya udongo huwa ya kijani, na asubuhi pasipo na upepo utaona utando mzito juu yake, kama mtu amemwaga rangi ya kupakia mabati. Alasiri upepo huusukuma utando huo mpaka ukingo mmoja, na mara nyingi ukingo huo ndio wanywapo ng'ombe.

Mabwawa haya, au silanga kama wengi wetu tunavyosema, mengi ni urithi wa mashamba makubwa ya kahawa. Yalichimbwa ili kahawa isikauke wakati wa kiangazi. Mashamba yalipogawanywa baada ya Uhuru wa 1963, ardhi ilipata wenyewe, kila mtu na namba yake. Lakini bwawa halikuweza kukatwa vipande. Lilibaki la wote. Na kitu cha wote, sote twajua, mara nyingi hukosa mwenyewe.

Sasa liko swali ambalo wanakamati wa mabwawa hulileta ofisini: Je, tuchange fedha tununue mashine ya kuzungusha maji, ili uchafu huu wa kijani uishe? Swali hili ni zuri, maana laonyesha kwamba watu wameacha kusema "ni kazi ya Mungu". Tena mashine hizo si uongo; zimefanya kazi mahali pengine. Lakini maoni yangu ni kwamba kwa mabwawa mengi yetu fedha hiyo itapotea. Dawa ya kwanza haiko ndani ya maji, iko juu ya maji, katika shamba langu na lako. Naomba mnisikilize mpaka mwisho kabla ya kunipinga.

Kwanza tujue adui. Uchafu huo ni mimea midogo sana ambayo wataalamu huiita mwani. Mwani ni wa namna nyingi, na si wote ulio mbaya. Mwenye bwawa la samaki anajua kwamba maji yenye kijani kidogo ni chakula cha ngege, na wengi hutia samadi makusudi ili maji yawe hivyo. Mbaya ni ule wa kijani-buluu, ambao kwa kweli ni jamii ya bakteria. Huo una vifuko vidogo vya hewa ndani yake, kwa hiyo unaweza kuelea juu kulifuata jua, nao ukawafunika wenzake walio chini. Baadhi yake hutengeneza sumu. Iko sumu ya ini, na iko sumu ya mishipa ya fahamu.

Njia mbili za kuutambua ni rahisi, hata mtoto wa shule aweza kuzifanya mama yake akimwangalia. Chukua kijiti kirefu ukichovye katika utando. Kikitoka na nyuzi ndefu kama nywele, huo ni mwani wa nyuzi, hauna hatari kubwa. Kikitoka kimepakwa kama rangi, ogopa. Au jaza maji katika chupa nyeupe ya kioo, uifunike, uiache mpaka kesho yake bila kuitikisa. Kijani kikizama chini, mara nyingi si kibaya. Kikipanda juu na kufanya pete shingoni mwa chupa, huo ndio wa kijani-buluu. Vaa mipira ya mikono au mfuko wa nailoni, na ukimaliza nawa kwa maji safi.

Wengine watasema, "Ng'ombe wetu wamekunywa maji hayo miaka mingi." Ni kweli, maana mwani huu hautoi sumu kila siku, wala hauwi mwingi kila mwaka. Lakini siku ukitoa, hauchagui mnyama. Mwaka 1878, huko Australia, George Francis aliandika jinsi kondoo, farasi, mbwa na nguruwe walivyokufa baada ya kunywa utando wa kijani ukingoni mwa Ziwa Alexandrina. Wengine walikufa kwa muda wa saa chache tu. Mwaka 2020, huko Botswana, ndovu zaidi ya 300 walikutwa wamekufa, na mwezi wa Septemba serikali ya nchi hiyo ilitangaza kwamba sumu ya mwani huu katika madimbwi ya kunywea ndiyo iliyowaua. Ikiwa ndovu huanguka, mtamba wa Friesian uliyemnunua kwa mkopo ni nini?

Ng'ombe aliyekunywa sumu ya mishipa hupepesuka, hutetemeka, huanguka, na pengine hufa kabla daktari wa mifugo hajafika. Aliyekunywa sumu ya ini hukataa kula, maziwa hupungua, na akipona ngozi yake mahali penye manyoya meupe yaweza kuungua kwa jua na kubanduka. Ukiona dalili hizi katika kundi lililonywa bwawani, waondoe wote, wape maji ya mahali pengine, na mwite daktari siku hiyo hiyo.

Na sisi watu je? Hapa wengi hudanganyika. Tumefundishwa, na ni mafundisho mema, kwamba maji yakichemshwa ni salama. Kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo, lakini hakuondoi sumu ya mwani. Maji yakipungua sufuriani, sumu inabaki ile ile katika maji machache. Mwezi wa Agosti 1914 nchi nyingi zilikuwa vitani, lakini mwezi huo huo wa mwaka 2014 vita ya mji wa Toledo, Marekani, ilikuwa na maji ya mferejini. Watu zaidi ya 400,000 waliambiwa wasinywe maji ya mji kwa sababu ya mwani wa Ziwa Erie, na wakakatazwa hata kuyachemsha. Basi maji yenye utando wa kijani yasinywewe na mtu, wala yasipikiwe uji wa mtoto, hata yakichemka saa nzima.

Hiyo ndiyo hatari. Sasa tuje kwenye mashine.

Bwawa lenye kina kirefu, jua likilichoma, hugawanyika mara mbili. Maji ya juu hupata joto, yanakuwa mepesi, yanaelea. Ya chini hubaki baridi na mazito. Kati yake hakuna kuchanganyika, kama mafuta na maji. Huko chini takataka huoza, na kuoza hula hewa ya oksijeni iliyo katika maji mpaka ikwishe. Hapo jambo lingine hutokea ambalo latuhusu sana sisi wa udongo mwekundu. Wekundu wa udongo wetu ni chuma, na chuma hicho hushika fosforasi, kile chakula cha mimea kilicho ndani ya mbolea ya DAP. Ndiyo sababu Bwana Shamba hukuambia utie mbolea shimoni karibu na mbegu, maana ukiitawanya udongo utaishika na mahindi hayataipata. Basi udongo huo ukiwa chini ya bwawa lisilo na oksijeni, chuma huiachilia fosforasi. Huyeyuka katika maji, na mwani hupata karamu.

Mashine ya kuzungusha maji huvunja mgawanyiko huo. Mabomba yenye matundu hulazwa chini kabisa, na mashine ya kusukuma hewa, ndugu ya ile inayojaza upepo magurudumu ya malori, hupuliza. Mapovu yakipanda huinua maji ya chini, na ya juu hushuka. Mwani wa kijani-buluu uliozoea kukaa juuani hupelekwa gizani tena na tena, na vifuko vyake vya hewa havimsaidii kitu. Mwani mwingine usio na madhara, ambao maji yakitulia huzama na kufa, sasa huinuliwa nao hupata nafasi. Tena hewa hufika chini, na chuma hushika fosforasi yake.

Jambo hili limejaribiwa. Karibu na Amsterdam, katika Uholanzi, liko ziwa liitwalo Nieuwe Meer, ambalo kina chake kwa wastani ni mita 18 na mahali pengine hufika mita 30. Tangu 1993 walilizungusha kwa mapovu wakati wa joto. Mwani wa kijani-buluu ulipungua sana, na aina nyingine zikashika mahali pake. Kwa hiyo atakayewaambia kwamba kuzungusha maji ni upuuzi, mwambieni hajui.

Lakini tazameni kina hicho: mita 18. Dawa yote iko katika neno "gizani". Mwani lazima upelekwe mbali na jua muda wa kutosha, ndipo udhoofike. Huku kwetu lipo bwawa la namna hiyo: Ndakaini, juu ya Mto Thika huko Gatanga, lililokamilika 1994, lenye nafasi ya mita za ujazo milioni 70 na ukuta wenye kimo cha zaidi ya mita 60. Kama siku moja wenye kulitunza wataona haja ya mashine, hesabu yao itakuwa na maana. Je, bwawa la skimu yako lina kina gani? Mengi, wakati wa kiangazi, mtu mrefu akisimama katikati kichwa chake kitaonekana. Huko hakuna giza la kupeleka mwani. Ukilikoroga, unauzungusha kutoka juani mpaka juani, na zaidi ya hayo unainua tope lililotulia chini pamoja na chakula kilichomo.

Tena tuna ushahidi hapa hapa Kenya. Ghuba ya Winam, pale Kisumu, ni ya kina kifupi ukiilinganisha na Ziwa Victoria lenyewe, na upepo wa ziwa huikoroga mara kwa mara bila malipo. Hata hivyo mwani wa kijani-buluu huko ni mgeni wa kila mwaka. Kwa nini? Kwa sababu mito kama Nyando huleta udongo na mbolea ya mashamba, na miji huleta maji machafu. Upepo hauwezi kushinda mlango ulioachwa wazi.

Fikirini na gharama. Mashine hii haiwashwi saa moja ikazimwa. Hufanya kazi majuma mengi wakati wote wa joto, na ikisimama kwa kukosa dizeli au stima, maji hurudia hali yake kwa siku chache. Nani atalipa mwezi wa pili, wakati karo za shule zimekwisha kula akiba ya kila nyumba? Sisemi kwamba mashine ya kurusha maji haifai popote. Mwenye bwawa la samaki anaweza kuitumia alfajiri, maana usiku mwani hupumua na kula oksijeni, na samaki huja juu wakihema. Itaokoa samaki, lakini haitaondoa chanzo.

Chanzo ni chakula. Mwani ni mmea, na kama mmea wowote hauli hewa tupu. Hula fosforasi na naitrojeni, na vitu hivyo viwili ndivyo tunavyovinunua kwa mifuko. Mvua ya kwanza ikinyesha juu ya shamba lililolimwa kufuata mteremko, udongo wa juu huondoka pamoja na DAP uliyoitia wiki iliyopita, ukashuka mferejini, na mfereji ukaishia bwawani. Hapo mkulima amelipa mara mbili: amelipa mbolea ambayo mahindi hayakuipata, na amelipa kulisha mwani utakaomuua ng'ombe wake. Ongeza maji ya kuoshea kahawa yenye maganda na utelezi mtamu, samadi ya zizi lililojengwa karibu na maji kwa urahisi wa kunywesha, na sabuni za wanaofua ukingoni. Bwawa linapikiwa pilau kila siku, kisha tunashangaa mgeni amenenepa!

Kwa hiyo nashauri kamati za mabwawa zifanye mambo haya kabla ya kufikiria mashine.

Kwanza, ng'ombe wasiingie majini. Wekeni ua wa miti au wa seng'enge, na chini ya ukuta jengeni birika la kunyweshea. Maji yaende kwa mpira ambao mdomo wake umefungwa kwenye debe linaloelea katikati ya bwawa, ukining'inia chini ya utando lakini juu ya tope. Hii ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote ya kupunguza hatari, maana ng'ombe hawanywi tena utando uliorundikana ukingoni. Hata hivyo bwawa likigeuka kijani lote, birika nalo lifungwe.

Pili, pande zote za bwawa na kila mfereji unaoingia humo ziachwe na ukanda wa majani yasiyolimwa. Pandeni nepia au majani mengine yenye mizizi mingi, myakate mlishe mifugo. Majani huchuja udongo na kula mbolea iliyokuwa inakwenda kwa mwani, na wewe unaikamua kama maziwa. Kando ya mito, kanuni za maji za mwaka 2007 ziliweka ukingo usiopungua mita 6 na usiozidi mita 30. Mtu asiseme sheria hiyo ni ya kumnyang'anya shamba. Ukanda wenye nepia si shamba lililopotea.

Tatu, matuta. Najua neno hili lina historia chungu. Wazee wa Murang'a walilazimishwa kuchimba matuta wakati wa ukoloni, na mwaka 1947 watu walikataa kazi hiyo. Walikuwa na haki ya kukataa kulazimishwa. Lakini udongo haujui siasa. Unashuka wakati wa mkoloni na unashuka leo. Tofauti ni kwamba leo tuta unalichimba juu ya shamba lako, na kinachobaki ni chako.

Nne, mbolea itiwe shimoni na kufunikwa, isitawanywe juu wakati mawingu yamekwisha kukusanyika. Zizi na choo viwe mbali na maji, upande usioelekea bwawani. Maji ya kiwanda cha kahawa yaende katika mashimo ya kuyanyonya, na maganda yarundikwe yaoze yawe mbolea.

Tano, wakati wa kiangazi bwawa likipungua, lizoeni tope. Kazi hii ni ngumu, lakini tope hilo ni udongo wa juu wa mashamba yetu pamoja na fosforasi tuliyoinunua miaka mingi. Irudisheni shambani, mbali na maji. Bwawa litapata kina, na kina kikiongezeka mwani utakosa raha.

Wako watakaosema iko njia fupi: kutia mrututu. Wakulima wa kahawa mnaujua, maana dawa za shaba mmezipuliza kwa ugonjwa wa majani. Ni kweli mrututu huua mwani. Lakini mwani ukifa kwa pamoja hupasuka na kumwaga sumu yote majini siku moja, kisha ukioza hula oksijeni na samaki hufa. Na shaba hubaki katika tope. Mtu asitie mrututu bwawani kwa akili yake mwenyewe.

Pingamizi kubwa kuliko zote nimelisikia mara nyingi: "Mimi nitaacha ukanda wa majani, lakini jirani wa juu atalima mpaka majini. Jasho langu litafaa nini?" Jambo hili ni zito, na mtu mmoja hawezi kulimaliza. Ndiyo sababu nasema ni kazi ya kamati, na ya chama cha watumiaji maji wa mto wenu, si ya mtu mmoja mwenye moyo mwema. Mwenye shamba lililo juu hana ng'ombe anayekufa, kwa hiyo haoni haraka. Lakini yeye naye ana jirani aliye juu yake. Kutoka Gatanga mpaka Ngoliba, kila mtu ni wa chini kwa mwenzake fulani, na kila mtu ni wa juu kwa mwingine. Tusipopatana juu ya ukanda wa majani, mashine kumi hazitatupatanisha.

Bwawa la Nairobi litufundishe. Lilijengwa 1953, na zamani watu walikwenda huko kwa mashua za tanga siku za mapumziko. Maji machafu ya makao yaliyolizunguka yaliendelea kuingia, na mwishowe likafunikwa na magugu-maji. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Basi, kabla mvua ya njahi haijaanza, kila kamati iitishe mkutano, na mkutano usifanyiwe kivulini. Ufanyiwe kwa miguu. Anzeni bwawani, mfuate kila mfereji kupanda juu, mpaka mwone unatoka shamba gani, zizi gani, kiwanda gani. Andikeni. Kisha pimeni kina cha bwawa kwa mti mrefu. Mkishaziba mifereji yote hiyo, na maji yakawa bado ya kijani, na kina chenu ni kirefu kweli, njoni tuzungumze habari za mashine. Lakini wakulima watakaoifanya kazi hiyo ya kwanza, wengi wao nadhani hawatakuja tena kuuliza bei.